Kabla Kitundu Hakijaziba: Kunyonyoka kwa Nywele na Nafasi ya Msusi
Mada kwa wasusi na vinyozi, Songea



Mtu anayenyonyoka nywele akifika kliniki ya ngozi huwa ameshapita mikononi mwenu mara nyingi. Utosi wake mwenyewe hauoni. Ninyi mnauona kila mnapomgawa nywele njia. Ndiyo sababu niliomba mada hii ije kwenu kabla ya kuipeleka kwa waganga wenzangu. Zipo nywele zinazopungua zikarudi, na zipo zinazokwenda moja kwa moja. Mara nyingi kinachotenganisha hayo mawili ni miezi michache ambayo mteja bado anakaa kwenye kiti cha saluni, akiamini tatizo ni mafuta anayopaka.

Nianze na hesabu. Kichwani kuna vitundu vya nywele vipatavyo laki moja. Kila kimoja huotesha unywele kwa miaka miwili hadi sita, kisha hupumzika miezi mitatu hivi. Unywele wa zamani hudondoka na mwingine huanza. Havipumziki vyote kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku. Mteja akifumua rasta za wiki sita akaona bonge la nywele kwenye kitana, hofu yake inaeleweka, lakini pigeni hesabu: siku 42 mara nywele 50 ni 2,100, na zote zilikuwa zimenaswa ndani ya misuko. Cha kutazama ni ncha. Unywele uliong'oka kwenye ngozi una kijibonge cheupe upande mmoja. Vipande vifupi visivyo na kijibonge vimekatikia njiani, na hapo mtuhumiwa ni dawa ya kunyoosha, pasi ya nywele au ukavu.

Jingine ni kasi. Nywele za Waafrika zilipopimwa zilionekana kuota karibu robo ya milimita kwa siku, yaani milimita nane hivi kwa mwezi. Chupa inayoahidi sentimeta tano kwa mwezi inauza picha iliyobandikwa juu yake.

Msuko unaohitaji Panadol

Tuambiane ukweli. Wakulima wakishalipwa mahindi yao, harusi na vipaimara hufuatana, na saluni za Majengo, Lizaboni na Bombambili hazina nafasi. Binti anakaa chini, kati ya magoti ya msusi. Anataka rasta nyembamba za kufika kiunoni, na anasema mwenyewe: "Kaza dada, nataka zikae mpaka Krismasi." Msusi anaanzia kwenye vinywele laini vya paji la uso, anavikusanya kwa ncha ya kitana, anavishikiza kwenye rasta yenye uzito ambao vinywele vile havikuumbiwa kuubeba, anavuta. Nyusi zinapanda. Kesho yake kuna vipele vidogo vyeupe kila msuko ulipoanzia, binti hawezi kulalia ubavu, anameza Panadol. Tumeizoea Panadol ile tukaihesabu kuwa sehemu ya urembo. Kwangu mimi ni dalili ya kwanza ya ugonjwa.

Profesa Nonhlanhla Khumalo, bingwa wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na wenzake walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kukagua vichwa vya watoto wa shule na vya watu wazima huko Afrika Kusini. Kati ya wasichana wa miaka 6 hadi 21, asilimia 17 walikuwa wamepungukiwa nywele kwa sababu ya kuvutwa. Kwa wanawake watu wazima ilikuwa karibu asilimia 32, wakati wanaume walikuwa kama wawili tu katika kila mia. Na hatari ilizidi pale nywele zilizowekwa dawa ziliposukwa kwa kukazwa.

Sisi Tanzania tuna kinga ambayo hatukuipanga: shule nyingi za serikali zinawataka wasichana wanyoe. Kinga hiyo inakwisha Novemba, mtihani wa kidato cha nne unapomalizika. Nywele zikifika urefu wa vidole viwili binti anawekwa dawa, na wiki hiyohiyo anasukwa. Anayetafuta namna ya kuharibu paji la uso kwa haraka hatapata mpango mzuri kuliko huo. Wadogo zao wa chekechea nao hawasalimiki, maana mama anataka mtoto apendeze Jumapili, na kichwa cha mtoto wa miaka mitatu kinasukwa twende kilioni hadi macho yanavutika.

Tazameni juu ya masikio na kwenye paji. Nywele zinapungua, lakini mbele kabisa unabaki ukanda mwembamba wa vinywele vifupi, kwa kuwa vile vilikuwa vifupi mno kuingia kwenye msuko. Ukiuona ukanda huo, umeshapata jibu. Katika hatua hii kulegeza peke yake kunatosha, na nywele hurudi ndani ya miezi kadhaa. Hali hiyo ikiachwa miaka, kitundu huziba kwa kovu, ngozi hubaki laini inayong'aa, na hakuna mafuta ya nyonyo wala kitunguu kitakachofungua kovu.

Ninachoomba si kikubwa. Misuko iwe minene kidogo, rasta iwe nyepesi, vinywele vya paji na vya juu ya masikio viachwe nje. Misuko isikae zaidi ya wiki nane, kichwa kipumzike kabla ya kurudia, na kati ya dawa na msuko zipite wiki mbili. Wigi la kuvaa na kuvua lina nafuu kuliko la gundi. Mteja akisema panauma, fumueni mstari ule na kuusuka upya, asiambiwe avumilie.

Najua mtakalojibu: msuko uliolegea hufumuka mapema, mteja atahamia kwa jirani. Ni kweli, na hapa daktari hawezi kuwasaidia. Lakini saluni za mtaa mmoja zikikubaliana kwamba vinywele vya paji la mtoto havishikwi, mteja hatakuwa na jirani wa kumkimbilia. Naliona hilo ni jambo la chama chenu kuliko la hospitali.

Kuhusu dawa yenyewe nitasema machache. Za kunyoosha zote, hata zile zinazonadiwa kuwa laini, zina ukali wa kuunguza ngozi. Aliyejikuna au kuchanwa kwa nguvu asubuhi asiwekwe siku hiyo. Ritachi isirudiwe kabla ya wiki nane, na ipakwe kwenye nywele mpya tu. Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Kopo lililojazwa upya, lisilo na orodha ya viambato wala tarehe, halifai kukaa mezani kwenu.

Utosi

Kuna kunyonyoka kunakoanzia utosini na kutanuka polepole pande zote, hasa kwa wanawake waliopita miaka 30. Wengine huwashwa au kusikia maumivu wanapochanwa, wengine hawasikii chochote. Kwa muda mrefu lawama zote zilitupiwa dawa na moto. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya wanawake wanaougua hivi wana hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuunda unywele, kwa hiyo wapo waliozaliwa na udhaifu huo na msuko ukaja kuongezea tu. Kwa msusi, tofauti hiyo haibadilishi wajibu. Ukiona utosi unaanza kung'aa, usimuuzie mafuta. Mwelekeze hospitali wiki hiyohiyo, maana hapa kovu linaanza mapema na dawa zetu huzuia lisitanuke, hazirudishi kilichokwisha kwenda.

Mashine ya kinyozi

Ndugu vinyozi, zamu yenu ni Januari na Julai, shule zinapofunguliwa. Baba anakuja na wanawe watatu, mashine inatoka kichwa cha kaka inaingia cha mdogo. Kisha kila kichwa kinapanguswa spiriti, mtoto anaruka kwa mwasho, na mashine inarudishwa ukutani bila kupanguswa. Spiriti inapakwa mahali pasipohitajika.

Mashilingi ya kichwani ni fangasi. Hukaa ndani ya unywele na kuendelea kuishi kwenye vipande vilivyokwama kati ya meno ya mashine. Baka lina magamba, nywele zake zimekatikia usawa wa ngozi, na wakati mwingine linavimba likatoa usaha, mzazi akadhani ni jipu. Krimu haifiki ndani ya unywele. Linahitaji dawa ya kumeza, kwa kawaida griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane kwa kipimo cha uzito wa mtoto, na wenzake wa nyumbani wakaguliwe. Kwenu ninyi: burashi kwanza, nywele zote zitoke kwenye meno, ndipo spiriti, na mashine ikauke kabla ya kichwa kinachofuata. Mtoto mwenye mashilingi anyolewe wa mwisho.

Rudisheni hesabu miezi mitatu nyuma

Mteja anayemwaga nywele kichwa kizima, bila baka na bila maumivu, muulizeni nini kilimpata miezi miwili au mitatu iliyopita. Alijifungua? Aliugua malaria kali, homa ya matumbo, UVIKO? Alifanyiwa upasuaji, alifiwa? Mwili uliotikiswa huingiza vitundu vingi kwenye mapumziko kwa pamoja, na nywele hudondoka baadaye, wakati mwenyewe ameshasahau ugonjwa. Hapa hahitaji dawa ya nywele. Nyingi hurudi zenyewe ndani ya miezi sita hivi, na kumwambia hivyo ni tiba tosha.

Kumwaga kusikokoma ni jambo lingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mkoa wetu una mahindi ya kutosha, lakini sahani ya ugali yenye mchuzi mwembamba haijengi damu wala nywele. Maharage, dagaa wa Nyasa na mboga za majani ndivyo vinavyokosekana mezani. Nyanda za juu kusini zina historia ndefu ya rovu kwa uhaba wa madini joto, na tezi ya shingo ikilegea nywele hupungua na kukauka. Kupima damu na tezi kunamfaa kuliko vidonge vya kukuza nywele vinavyotangazwa kwenye simu.

Kaswende nayo huondoa nywele mabaka madogomadogo yasiyo na mpangilio, na inatibika kwa sindano ya penisilini. Virusi vya Ukimwi visipotibiwa vinaweza kuzifanya nywele ziwe nyembamba na laini kuliko zilivyokuwa. Nayasema haya ili mjue kuelekeza watu, na kwa masharti: asitokee wa kuyatamka saluni. Tunakumbuka miaka ya tisini, mtu alivyohukumiwa mtaani kwa kuangaliwa nywele tu. Mwambieni mteja kwa faragha, "Nenda ukapime, kichwa chako kinataka daktari," na muishie hapo.

Mabaka ya mviringo, laini, yasiyo na magamba, yanayotokea ghafla, huleta maneno ya kuchezewa. Ni kinga ya mwili inayoshambulia vitundu vya nywele. Vijana wanayajua kupitia mwigizaji Jada Pinkett Smith, anayeugua hivi, na kofi lililopigwa kwenye tuzo za Oscar Machi 2022 baada ya mzaha juu ya kichwa chake. Kitundu hapa hakifi, na mabaka mengi madogo hujiotea yenyewe ndani ya mwaka. Wapo watakaowatajia maji ya kitunguu. Utafiti mdogo wa Iraki wa 2002 uliwapaka watu 23 na 20 wakaota nywele, lakini ni watu wachache, ugonjwa ni huu tu, na harufu ni ya kuvumilia mara mbili kwa siku. Haihusu paji lililovutwa, wala upara.

Upara

Wanaume nimewaweka mwisho kwa kuwa wao wana njia ya mkato: wananyoa zote. Upara wa kurithi unatoka upande wa mama na wa baba, ukichochewa na homoni ya kiume inayovidhoofisha vitundu vya mbele na vya utosi. Kofia haihusiki. Wanaotaka kupambana wanayo minoksidili, iliyoanza kama kidonge cha presha hadi wagonjwa walipoota nywele wasikozitarajia. Marekani iliiruhusu kupakwa kichwani mwaka 1988. Hupakwa kila siku kwa miezi minne au zaidi kabla ya kuona kitu, wiki za mwanzo nywele huweza kumwagika zaidi, na ukiacha unarudi ulipokuwa. Finasteridi ni ya kumeza, ni ya wanaume, na iandikwe na daktari. Mjamzito asiishike, hasa ikiwa imevunjika.

Upara una hatari nyingine isiyo ya ngozi. Juni 2017 polisi wa Msumbiji, jirani zetu ng'ambo ya Mto Ruvuma, walitoa tahadhari kwa wanaume wenye upara baada ya mauaji katika wilaya ya Milange, yaliyotokana na imani kwamba vichwa hivyo vina dhahabu. Mzaha wa kijiweni kwamba mwenye upara ana hela una mahali unapoweza kufika, na vinyozi mnausikia kila siku.

Rufaa

Mteja aanzie zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Yanayotushinda huenda KCMC Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo tangu 1992, ambacho kimewafundisha wengi wa wataalamu wa ngozi wanaofanya kazi mikoani.

Nimeandaa karatasi ya rufaa ya nusu ukurasa, yenye mchoro wa kichwa kutazamwa kwa juu na kwa mbele. Msusi anaweka alama nywele zilipopungua, anaandika lini aliona mara ya kwanza, mteja aliwekwa dawa lini, na kama panauma. Hakuna sehemu ya kuandika jina la ugonjwa, na niliiacha makusudi. Mteja akikubali, mpigeni picha ya paji na utosi kwa simu yake mwenyewe na mrudie kila baada ya miezi mitatu, kwenye mwanga uleule. Nakala ziko kwa katibu. Kila saluni ichukue kumi, na zikiisha mtoe fotokopi.