Taa za Nyuma ni Macho ya Anayekufuata

Maelezo kwa madereva, wenye magari na waendeshaji bodaboda katika mkutano wa usalama barabarani, Voi

 

Dereva akiwasha gari usiku, taa za mbele zikiwa mbovu atajua papo hapo, maana hataiona njia. Taa za nyuma zikiwa mbovu hatajua lolote. Atatoka Maungu mpaka Manyani akidhani yuko salama, na kumbe kwa anayemfuata ni giza linalotembea. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Na sisi madereva hatuoni taa zetu za nyuma. Ndiyo maana zinahitaji utaratibu wa kuzikagua, na zinahitaji majirani wa kutuambia.

Tufanye hesabu ndogo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu mbele, huchukua kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujafika kwenye breki. Hapo ameshakwenda mita 33. Akikanyaga breki, gari dogo kwenye lami kavu litahitaji karibu mita 38 nyingine ili lisimame. Jumla ni mita 71. Lori lililobeba mzigo litahitaji zaidi. Sasa, taa za chini za gari humulika mita 50 au 60 hivi. Kwa hivyo mtu akikuta lori lisilo na taa za nyuma kwenye barabara kuu usiku, akiliona tu amechelewa. Taa nyekundu inayowaka vizuri angeiona kutoka mbali sana, akapunguza mwendo bila haraka.

Na nyinyi mnajua barabara zetu. Ndovu akivuka karibu na Maungu, wa mbele atafunga breki ghafla. Ukungu ukishuka milima ya Wundanyi, huoni zaidi ya kona moja. Huko kote, anayekufuata anategemea taa zako kuliko anavyotegemea macho yake.

Tuzitaje taa zenyewe. Nyuma ya gari kuna taa ndogo nyekundu zinazowaka pamoja na taa za mbele, na hizi husema, "Nipo hapa." Kuna taa za breki, nyekundu pia lakini kali zaidi, husema, "Napunguza mwendo." Kuna indiketa za rangi ya chungwa, taa nyeupe ya rivasi, na taa ndogo inayomulika namba ya gari. Halafu kuna riflekta. Hiyo haitumii umeme. Hata betri ikifa kabisa, riflekta safi itarudisha mwanga wa gari linalokuja. Riflekta iliyojaa matope haina kazi.

Katika magari mengi ya zamani kidogo, taa ndogo na taa ya breki hutumia balbu moja yenye nyuzi mbili ndani: uzi wa wati 5 kwa taa ndogo na uzi wa wati 21 kwa breki. Uzi mmoja unaweza kukatika na mwingine ukabaki mzima. Kwa hivyo usione taa inawaka ukasema yote ni sawa. Kagua taa ndogo, kisha kagua breki. Na unapobadilisha, tazama vipini vya balbu. Haviko sawa kwa urefu ili balbu iingie upande mmoja tu. Ikikataa, igeuze. Usiilazimishe.

Wenye malori, angalieni volti. Magari madogo hutumia volti 12, na malori mengi hutumia volti 24. Balbu ya 12 kwenye lori itaungua mara moja. Ya 24 kwenye gari dogo itawaka hafifu kama kibatari.

Sasa, taa ikikataa, tatizo liko wapi? Gari lenyewe litakuonyesha ukilisoma.

Ikizima taa moja peke yake, anza na balbu. Zikizima za pande zote mbili kwa pamoja, anza na fyuzi. Ikiwa fyuzi imeungua, weka nyingine ya kiwango kilekile. Usiweke kubwa zaidi, na usifunge waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla waya haujaungua. Ukiizuia, moto utatafuta pa kwenda, na njia yake inapita chini ya zulia la gari. Fyuzi mpya ikiungua tena, kuna waya uliochubuka mahali. Mwone fundi wa umeme wa magari.

Taa za breki zote zikikataa na fyuzi ni nzima, tazama swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Swichi hiyohiyo ikikwama, breki zitawaka muda wote. Wengine huona hilo ni dogo, lakini ni hatari kubwa: anayekufuata atazoea kuona taa kali, na siku utakapofunga breki kweli hatajua.

Indiketa ikipepesa haraka kuliko kawaida, mara nyingi balbu moja ya upande huo imeungua. Na ukikanyaga breki ukaona indiketa nayo inawaka hafifu, au taa zote za upande mmoja zinafifia, shuku arthi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Kutu ikiingia pale, umeme hutafuta njia nyingine. Fungua nati, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza vizuri. Kazi hiyo haikugharimu chochote ila muda. Wenye matela, hivyo hivyo kwa soketi inayounganisha waya wa kichwa na tela: vumbi letu jekundu hujaa humo. Isafishe, na ukishaunganisha, zunguka nyuma uone kama taa zinawaka.

Kifuniko cha taa kikipasuka, maji huingia na kuozesha soketi. Tena mwanga mweupe hutoka kwenye ufa, na aliye nyuma usiku anaweza kudhani ni pikipiki inakuja au ni gari linarudi nyuma. Badilisha kifuniko. Na vijana wanaopaka taa rangi nyeusi au kubandika stika ili gari lipendeze, jueni mnauza mwanga wenu kwa urembo.

Niseme na watu wa bodaboda. Gari likipoteza taa moja ya nyuma, limebaki na nyingine. Nyinyi mnayo moja tu. Ikifa, hamuonekani kabisa. Ikague kila jioni: bana breki ya mkono, kisha kanyaga ya mguu, na kila mara taa iwake. Ukibeba gunia la makaa, mitungi ya maziwa au majani ya ng'ombe, tazama kama mzigo haujaifunika taa. Na wenye pikapu wanaobeba magodoro na mbao zinazoning'inia nyuma, neno hilo ni lenu pia.

Je, ukiwa peke yako utakaguaje? Rudisha gari karibu na ukuta giza likiingia, washa taa, tazama wekundu kwenye ukuta kupitia vioo vya pembeni. Kanyaga breki, wekundu uongezeke pande zote mbili. Washa indiketa moja moja, kisha rivasi. Kwenye steji ni rahisi zaidi: makanga asimame nyuma, wewe ubonyeze, yeye ataje. Dakika mbili zimetosha. Kisha pitisha kitambaa chenye maji kwenye taa na riflekta.

Gari likiharibika njiani, litoe nje ya lami ikiwezekana, washa indiketa zote mbili, na weka pembetatu za kuakisi mwanga. Msiziweke miguuni pa gari. Kumbukeni zile mita 71: tembea hatua mia moja kurudi nyuma ndipo uweke. Matawi ya miti hayaonekani usiku, na mawe yakiachwa barabarani baada ya gari kuondoka huua mtu mwingine kabisa.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inadai taa zinazofanya kazi, na polisi watakusimamisha ukikosa. Lakini polisi hawezi kuwa kila kilomita. Wewe uko. Ukimkuta mwenzako kwenye kituo cha mafuta au kwenye kizuizi, mwambie kwa heshima, "Ndugu, taa yako ya nyuma ya kushoto imezima." Na wewe ukiambiwa, usinune wala usidhani umedharauliwa. Sema asante, kisha shuka uitazame. Aliyekuambia ameona usichoweza kuona ukiwa kwenye usukani.

Leo jioni, kabla ya kwenda nyumbani, kila mmoja amkaguе jirani yake hapa uwanjani. Atakayekuta taa imezima, aitengeneze kabla ya kuingia barabara kuu.