Kwa Nini Transfoma Huvuma, na Wakati Gani Tuwe na Wasiwasi

Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika



Nimeombwa niseme juu ya utunzaji wa miradi ya umeme, na nitaanza na kosa langu mwenyewe. Umeme ulipoingia katika zahanati ya usharika wetu mmoja, akina mama waliokuja kliniki walilalamika kwamba transfoma iliyo nyuma ya jengo inavuma usiku na mchana. Wengine walisema italipuka. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na hofu nyingine: kwamba mvumo ule ni umeme unaoliwa bure, na usharika ndio utakaoulipia. Nilisimama baada ya ibada nikasema, "Msiogope, transfoma zote huvuma." Watu wakapiga makofi, nami nikarudi ofisini.

Nilichosema kilikuwa kweli, lakini kilikuwa nusu ya maneno.

Nusu hiyo ni hii. Transfoma hupokea umeme wa volti 33,000 au 11,000 na kuushusha hadi volti 400 na 230 tunazotumia majumbani. Ndani ya tangi lake mna koili za nyaya zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Kiini hicho si pande moja, bali ni mabati membamba mengi, kila moja likiwa na unene wa karibu theluthi ya milimita, yaliyopangwa na kubanwa pamoja kama kurasa za kitabu cha nyimbo. Umeme ukipita kwenye koili, chuma kile kinakuwa sumaku. Na chuma kikishikwa na sumaku hubadilika urefu kidogo sana. Mwanasayansi wa Uingereza, James Joule, aliligundua jambo hilo mwaka 1842. Kwa chuma cha urefu wa mita 1, badiliko halifiki unene wa unywele.

Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Katika kila mzunguko sumaku hufika kileleni mara 2, mara moja kwa kila upande, na chuma hunyooka mara zote 2. Hivyo kiini hutikisika mara 100 kwa sekunde. Mafuta yaliyomo hupeleka mtikisiko huo kwenye tangi, nalo hulia kama ngoma. Rafiki zetu wa Marekani, ambako umeme huzunguka mara 60, husikia sauti ya juu kidogo, kwa sababu kule ni mara 120.

Tena mvumo huo hautegemei sana watu wanatumia umeme kiasi gani. Kiini huwa sumaku muda wote transfoma imeunganishwa, hata kama kijiji kizima kimezima taa. Usiku tunausikia zaidi kwa sababu ya utulivu tu. Na yule mzee nilimjibu kwamba mita ya zahanati iko baada ya transfoma, kwa hiyo mvumo hausomwi pale.

Sasa nusu ambayo sikuisema. Miaka michache baadaye, wezi walifungua koki usiku wakakinga mafuta. Mafuta yale ndiyo yanayopoza koili na kuzuia umeme kuruka mahali pasipotakiwa. Kwa siku 3 mlinzi wa zahanati alisikia sauti imebadilika: ilikuwa ya kukwaruza, halafu ikawa kama kitu kinachokaangwa. Alikwenda kumweleza mjumbe wa kamati. Akajibiwa, "Mratibu alishatuambia, hizo huvuma tu." Siku ya 4 transfoma iliungua. Chanjo zote zilizokuwa kwenye jokofu ziliharibika, na akina mama walirudishwa nyumbani na watoto mgongoni. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri.

Kwa hiyo, ndugu zangu, sauti ya kuzoeleka ni ile iliyo sawasawa, leo kama jana. Ikianza kuchacharika, kugonga au kutokota, au mkiona mafuta yametiririka chini, watu wakae mbali na shirika la umeme lipigiwe simu saa hiyo hiyo. Mtu asipande wala kugusa, hata kwa nia ya kupangusa vumbi. Wakati wa ukungu au manyunyu vikombe vya juu vikiwa vichafu vinaweza kuchacharika. Hilo nalo litolewe taarifa, fundi ndiye aamue.

Mafuta hayo huibwa na kuuzwa, na kuna wanaokaangia chakula. Yale ya transfoma za zamani huweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizipiga marufuku. Semeni hili mitaani, hasa kwa vijana wanaokaanga chipsi.

Kwa wafadhili wetu nina neno moja. Tunapoomba fedha za nyaya na taa, huwa tunaona aibu kuandika mshahara wa mlinzi na vocha ya simu. Katika bajeti ya zahanati ile havikuwamo. Mlinzi alitembea kwa sababu hakuwa na salio.

Kabla hatujaenda kwenye chai, kila kamati iandike katika daftari lake namba iliyopakwa kwenye nguzo ya transfoma yake na simu ya dharura ya shirika la umeme. Asiyeijua namba ya nguzo, ampigie mlinzi wake sasa hivi.