Neno la Katibu: Foleni ya Notre-Dame



Baba Paroko, mwenyekiti wa baraza la parokia, walezi wetu, wanakwaya wenzangu, wapendwa waumini. Nimepewa dakika tano nieleze safari ya wajumbe wanne mliowatuma Ufaransa mwaka jana, kwa mwaliko wa parokia rafiki. Picha mmekwisha kuziona. Nitasema jambo moja ambalo picha hazionyeshi.

Tulitamani sana kuingia Kanisa Kuu la Notre-Dame, mjini Paris. Lilianza kujengwa mwaka 1163, paa lake likateketea Aprili 15, 2019, na likafunguliwa tena Desemba 2024. Kabla hatujaondoka, wakala mmoja wa safari alituambia kila mtu alipie tiketi ya kuingia, nami nikaiandika kwenye bajeti. Kijana mmoja wa sauti ya tatu akauliza kikaoni, "Katibu, tangu lini watu wanalipia kuingia kanisani?" Nikafungua tovuti ya kanisa lenyewe. Kuingia ni bure. Hata kuhifadhi nafasi ni bure. Pesa zile tulizipata kwa kuosha magari na kuuza chai baada ya misa, kwa hiyo namshukuru kijana huyo mbele yenu.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Kwa kuwa ni bure, nilisema tutafika tu na kuingia. Tukakuta foleni imezunguka uwanja. Mama yetu wa sauti ya pili, mwanzilishi wa kwaya hii, magoti yake mnayajua. Baada ya saa nzima alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nyinyi ingieni. Mimi nimeshaliona kwa nje."

Niliona aibu. Miaka 25 ametungoja sisi tunaochelewa mazoezi, na sasa nilikuwa nimemngojesha tena.

Tuliondoka sote. Usiku ule nikashika simu. Nafasi hutolewa kwa siku chache zijazo tu, na nikapata ya keshokutwa, saa nne asubuhi. Tulipofika kulikuwa na foleni mbili, ya waliohifadhi nafasi na ya wasiohifadhi. Yetu ilikuwa fupi. Mifuko ikakaguliwa, mama akaingia kwa miguu yake, akaketi, akasali rozari nzima. Hatukumharakisha.

Basi utakayesafiri, soma tovuti ya kanisa lenyewe kabla ya kumlipa mtu yeyote. Weka nafasi siku mbili mbele. Ukienda kwa misa, huhitaji nafasi. Ukitaka kupanda minara, hiyo hulipiwa na lazima uhifadhi, na ngazi zake ni zaidi ya 400, kwa hiyo usimpeleke mama huko.

Wapo wanaosema kupanga sana ni kukosa imani. Lakini wale wanawali watano walibeba mafuta ya akiba, na ndio walioingia arusini.

Wanakwaya wenzangu, tunapoanza miaka mingine 25, tusiwangojeshe wazee wetu kwa uzembe. Mazoezi ni Jumanne, saa kumi na moja jioni. Mimi nitakuwa nimefungua mlango saa kumi na nusu.

Hongereni kwa jubilei. Mungu awabariki.