Askwar Hilonga, Mkemia Aliyepeleka Kichujio kwa Wauza Maji

Mtoto wa kijijini huyajua maji mabaya kabla hajaisikia kemia. Askwar Hilonga alizaliwa Gongali, wilayani Karatu. Alipofika Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini, kusomea shahada ya uzamivu katika uhandisi wa kemikali, alijikita kwenye silika. Ni madini yaleyale ya mchanga, ila yameundwa upya yakawa na vitundu vya kiwango cha nano, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Punje yenye vitundu vidogo namna hiyo ina eneo kubwa ajabu kwa ndani, na humo ndimo uchafu ulioyeyuka majini unamoweza kunaswa.

Aliporudi alifundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, na Arusha ina maji yenye maswali. Yakipita kwenye miamba ya volkano, maji huyeyusha floridi. Mtoto anayeyanywa miaka nenda miaka rudi huota meno ya kahawia. Kiwango kikizidi sana, hata mifupa huharibika. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii kitu: mvuke huondoka, floridi inabaki sufuriani.

Mchanga nao, chujio la tangu zamani, huzuia tope na vijidudu vingi lakini floridi huipisha. Hilonga hakuutupa. Aliuunganisha na chembe za nano, kisha akawa anabadilisha mchanganyiko kulingana na maji ya kila mahali. Uzito wa kazi yake uko hapo, kuliko katika neno “nano”, ambalo wafanyabiashara hulipenda kupita kiasi.

Mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Alipata pauni 25,000, akakusudia kununua malighafi kwa wingi ili bei ishuke.

Kichujio kimoja wakati huo kilikuwa takriban dola 130. Mkulima gani wa migomba angezitoa kwa mkupuo? Kampuni yake, Gongali Model, ikawageukia wajasiriamali wadogo: wapewe kichujio, wauze maji safi, walipe polepole. Mpango huo una mantiki ya kikemia pia, maana chembe za kunasia uchafu hujaa, ikabidi zibadilishwe. Muuza maji ana sababu ya kukumbuka. Mwenye nyumba husahau.

Alfred Nobel naye alitegemea silika. Mwaka 1867 alipata hataza ya dinamiti: nitrogliserini, kimiminika hatari kukishika, ilinyonywa na udongo wenye vitundu ikawa bidhaa inayosafirishika. Viwanda vyake vikaenea nchi nyingi. Kichujio cha Hilonga hakiwezi kuenea kirahisi hivyo, maana maji ya kila mahali yana uchafu wake.

Na hapa kwetu Kashai, mjini Bukoba? Bukoba imekaa juu ya mawe ya mchanga ya kale, si majivu ya volkano, kwa hiyo hofu ya hapa si ile ya Arusha. Mto Kanoni unapofurika, maji ya vyoo na ya visima hukutana. Kichujio kilichoundwa kwa ajili ya Arusha, kikiletwa hapa jinsi kilivyo, kingetibu ugonjwa wa jirani. Sampuli za visima zipimwe kwanza vijidudu vya kinyesi, wakati wa kiangazi na baada ya masika. Huenda ikaonekana kwamba klorini ya bei nafuu inatosha mtaa huu, na chembe za nano zikabaki kwa wenye floridi.