Hati ya Kodi Isiyotazamiwa

Jioni hii twataka kunena na wenye vyumba vya kupangisha katika nchi ya Kenya: mzee aliyestaafu akajenga safu ya vyumba kwa kiinua mgongo chake, au mama mjane aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe. Siku moja humfikia hati ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, ya kwamba adaiwa fedha nyingi kwa miaka iliyopita, naye hakuitazamia hata kidogo. Afanyeje?

Kwanza tutenge maneno, maana lugha yetu huita kodi fedha ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba, na tena huita kodi ile ambayo raia huipa Serikali. Leo ile ya mpangaji tutaiita pango.

Sheria yenyewe ilianza Januari 1, 2016. Mwenye nyumba za kukaliwa na watu hutoa sehemu ya pango kila mwezi, naye hulipa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Hapo kwanza alitoa shilingi 10 katika kila 100. Tangu Januari 1, 2024, ni shilingi 7 na senti 50. Hesabu hufanywa juu ya pango lote, wala haipunguzwi kwa mabati mapya wala kwa mshahara wa mlinzi. Basi yule ajaye na stakabadhi za fundi rangi apunguziwe deni hili hatapata kitu, ijapokuwa mwenye gharama kubwa aweza kumwandikia Kamishna mapema aomba kuhesabiwa kwa njia ya mwaka. Tena, tangu 2021, kodi hii haimhusu mtu ambaye pango lake la mwaka mzima halizidi shilingi 288,000. Yeye huandika mapato hayo katika maelezo yake ya mwaka.

Sasa hati i mkononi. Wengi hutazama jumla iliyo chini, wakashikwa na hofu, wakaificha sandukuni. Sisi twasema itazameni tarehe kwanza, kwa kuwa sheria humpa mtu siku 30 tangu kuipokea ili alete pingamizi kwa maandishi. Zikipita naye kimya, makadirio ya karani huwa deni kamili, na Kamishna aweza kuiagiza benki itoe fedha hiyo katika akiba yake. Aliyekuwa mgonjwa au safarini aweza kuomba aongezewe muda, lakini yampasa aonyeshe sababu. Na kwa kuwa hati hizi siku hizi huletwa kwa barua pepe, kila mtu na ahakikishe kwamba anwani iliyoandikwa ni yake mwenyewe, wala si ya yule kijana wa dukani aliyemfungulia hesabu.

Kisha achunguze mwaka mmoja mmoja. Tuseme mama ana vyumba 10, kila kimoja shilingi 4,000 kwa mwezi. Pango la mwaka 2024 ni shilingi 480,000, na kodi yake 36,000. Lakini hati yasema 60,000, kwani karani ameona shilingi 800,000 zimeingia katika simu yake akazihesabu zote kuwa pango. Zile 320,000 zilizozidi ni nini? Mkopo wa chama cha ushirika, 200,000; fedha aliyoleta mwanawe kwa karo ya wajukuu, 80,000; na amana za wapangaji, ambazo atawarudishia watakapohama, 40,000. Hapa ndipo daftari la pango lipatapo thamani yake. Mama huyu apeleke nakala ya daftari, karatasi ya mkopo, na orodha ya fedha zilizoingia simuni, aeleze kila fungu ni la nini.

Asikane yote, wala asikubali yote. Ile 36,000 ni haki ya Serikali, naye alipe, pamoja na faini ya shilingi 5 katika kila 100 kwa kuchelewa, na riba ya shilingi 1 katika kila 100 kwa mwezi. Asipoweza kwa mara moja, aombe kwa maandishi alipe kidogo kidogo. Pingamizi la mtu ambaye hakulipa sehemu asiyoipinga, wala hakupatana na ofisi jinsi ya kuilipa, halipokelewi kuwa halali. Na wengi wenye haki wameanguka papo hapo.

Pingamizi likiwa halali, Kamishna ana siku 60 za kutoa uamuzi. Asipotoa, pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Akilikataa, mama ana siku 30 nyingine za kupeleka rufani mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi. Kwa hiyo atunze nakala ya kila barua, na ushahidi wa siku aliyoipeleka.