Mshika Mbili, Moja Humponyoka?

Mazungumzo ya katibu wa kwaya katika semina ya kuandaa jubilii. Yamechapishwa hapa kwa ombi la kamati.



Miaka 50 si mchezo. Kuna mama hapa mbele aliyeanza kuimba sauti ya pili katika kwaya hii kabla mimi sijazaliwa, na hadi leo hufika mazoezini kabla yangu, mimi katibu ninayeshika ufunguo.

Kamati iliniomba nizungumze kwa dakika 15 juu ya muziki wa jana na wa leo. Kuhubiri ni kazi ya mchungaji, kwa hiyo mimi nitawasimulia maisha ya mwimbaji mmoja. Sauti yake mnaijua. Mmeisikia katika harusi, bibi arusi anapoingia polepole na mpiga picha anarudi kinyumenyume: ule wimbo uitwao "The Prayer", ambao mwanamume mmoja anaimba na Celine Dion. Mwanamume huyo ni Andrea Bocelli, Mwitaliano.

Nimemchagua kwa sababu ya methali. Katika mkutano wetu wa mwaka jana, tulipozungumzia vijana wanaoimba nyimbo za noti katika ibada ya kwanza kisha wanashika maiki katika ibada ya pili, mzee wetu mmoja wa besi alisimama akasema, "Mshika mbili, moja humponyoka." Akaketi. Niliiandika methali hiyo katika kumbukumbu za mkutano, na tangu siku hiyo imenikaa kichwani. Namheshimu sana mzee huyo, na mtaona baadaye kwa nini. Lakini nilitaka kujua: je, ni kweli?

Bocelli alizaliwa mwaka 1958 katika kijiji cha Lajatico, eneo la Toscana, kwa wazazi wakulima wenye shamba la mizabibu. Alizaliwa na ugonjwa wa macho uitwao glakoma. Alipokuwa na miaka 12, mpira wa miguu ulimpiga usoni akicheza, na hata ule mwanga mdogo aliokuwa nao ukazimika. Wakati huo alikuwa tayari amejifunza piano, na baadaye filimbi na saksofoni. Tangu utotoni alipenda opera, yaani ule mchezo wa jukwaani ambamo wahusika huimba maneno yao badala ya kuyasema.

Lakini mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Pisa, akafanya kazi ya uwakili kwa muda mfupi. Usiku alipiga piano na kuimba kwenye baa, nyimbo ambazo wateja walizitaka. Na katikati ya hayo alikwenda kujifunza kwa Franco Corelli, mmoja wa waimbaji wakubwa wa sauti ya tena katika opera ya Italia. Basi mkimuuliza Bocelli alianzia wapi, kwenye opera au kwenye muziki wa kisasa, jibu ni kwamba alianzia kote kuwili, wiki moja hiyo hiyo.

Hapa nisimame kidogo kama mwalimu, niwaeleze tofauti ya nyumba hizi mbili, maana wengi tunadhani ni suala la mavazi na umri.

Mwimbaji wa opera husimama mbele ya okestra ya watu wengi, katika ukumbi wa watu elfu mbili na zaidi, bila maiki. Mtu wa kiti cha nyuma kabisa lazima amsikie. Anafanyaje? Hapigi kelele. Angepiga kelele, sauti ingekatika kabla ya sehemu ya pili. Wataalamu waliopima sauti hizi wameona kwamba mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwanamume, hukusanya nguvu ya sauti yake kwenye mitetemo ya karibu 3,000 kwa sekunde. Hapo okestra haina nguvu nyingi, na hapo sikio la binadamu husikia vizuri sana. Ni kama mtu anayepita katika umati sokoni: hasukumani na watu, anatafuta upenyo. Kuupata upenyo huo huchukua miaka ya mazoezi ya pumzi, koo kulegea, na irabu kukaa mahali pamoja.

Nyumba ya pili ina maiki. Mwaka 1925 kampuni za kurekodi zilipoanza kutumia maikrofoni za umeme, mwimbaji mwenye sauti ndogo alipata nafasi ambayo hakuwa nayo. Aliweza kuimba kama anayekunong'onezea sikioni, na nchi nzima ikamsikia. Huo nao ni ufundi. Katika nyumba hii neno lazima lisikike kama linavyosemwa. Pumzi ikisikika, ni sehemu ya wimbo. Mwenye sauti ya opera akiingia humu na nguvu zake zote, huonekana kama mtu anayehutubia mkutano wa hadhara sebuleni kwa jirani.

Sasa turudi kwa Bocelli. Mwaka 1992 mwimbaji maarufu wa Italia aitwaye Zucchero alikuwa na wimbo, "Miserere", alioutaka uimbwe na Luciano Pavarotti, mfalme wa matena wa wakati ule. Alihitaji mtu wa kuimba sehemu ya Pavarotti katika kanda ya majaribio, ili Pavarotti asikie wimbo ulivyo. Bocelli aliitwa, akaimba. Pavarotti aliposikiliza kanda ile, alitaka kujua anayeimba ni nani. Hatimaye Pavarotti alirekodi wimbo huo mwenyewe, lakini Zucchero alipotoka kuzunguka na muziki wake, alimchukua Bocelli. Mtu huyu alikuwa na miaka 34. Vijana mnaolalamika kwamba mmechelewa, shikeni hapo.

Mwaka 1994 alishinda katika kundi la waimbaji wapya kwenye tamasha la Sanremo, ambalo ni tamasha la nyimbo za kisasa. Mwaka uliofuata aliimba hapo "Con te partirò", akashika nafasi ya nne tu. Mwaka 1996 wimbo huo uliimbwa upya na yeye pamoja na Sarah Brightman kwa ajili ya pambano la kuaga la bondia Henry Maske huko Ujerumani. Bondia alishindwa pambano lile, lakini wimbo ulienea dunia nzima.

Hapo mtu mwingine angetulia akala matunda. Pesa ipo, jina lipo. Lakini mwaka 1998 Bocelli alikwenda Cagliari, kisiwani Sardinia, kuimba nafasi ya Rodolfo katika opera ya Puccini iitwayo "La bohème". Fikirini: kipofu, jukwaani, akiigiza na kuimba bila maiki. Mwaka 1999 akaenda Detroit, Marekani, kuimba "Werther" ya Massenet.

Na huko Detroit alipigwa. Wachambuzi wa magazeti waliandika kwamba sauti yake ilikuwa ndogo kwa jumba kubwa kama lile. Sauti iliyokuwa imeuza mamilioni ya rekodi, mbele ya okestra bila maiki, iliwafikia watu kwa shida.

Ningeweza kuiacha sehemu hii ili simulizi iwe tamu, lakini ingekuwa kumdanganya yule mzee wetu. Methali yake ina ukweli. Nyumba hizi mbili hazidai kitu kimoja, na mtu anaweza kuwa mkubwa katika moja na wa kawaida katika nyingine. Makofi ya uwanjani hayakumsaidia Bocelli ndani ya jumba la opera. Alichofanya baada ya Detroit ndicho kinachonigusa. Hakuacha, wala hakujifanya hakusikia. Aliendelea kurekodi opera nzima nzima, na aliendelea na nyimbo za kisasa. Mwaka huo huo wa 1999 alitoa santuri ya nyimbo takatifu, "Sacred Arias", ambayo iliuzwa kuliko karibu santuri zote za muziki wa aina hiyo.

Tena njia hii hupitwa kutoka pande zote mbili. Aretha Franklin alikulia katika kanisa la baba yake, huko huko Detroit, akawa malkia wa muziki wa soul. Februari 1998, katika sherehe za tuzo za Grammy jijini New York, Pavarotti aliugua saa za mwisho. Aretha aliombwa asimame mahali pake aimbe "Nessun dorma", wimbo wa tena kutoka opera ya Puccini, kwa ufunguo uliopangwa kwa Pavarotti. Aliimba, na ukumbi ukasimama. Watu husema ulikuwa muujiza. Mimi nasema tusisahau kwamba siku mbili kabla yake alikuwa ameuimba wimbo huo huo katika hafla ya kumheshimu Pavarotti. Alikuwa tayari ameufanyia mazoezi.

Sasa niseme yangu, ingawa nilikuwa nimekusudia kunyamaza.

Miaka minane iliyopita nilitoka katika safu ya soprano nikaenda kikundi cha sifa. Niseme ukweli mbele ya mwalimu wa kwaya: nilifurahi kuachana na noti. Nilidhani maiki itanifanyia kazi. Kumbe jukwaani, ngoma na gitaa zikilia nyuma yangu, sikuwa najisikia. Nikapaza sauti. Wiki iliyofuata nikapaza zaidi. Baada ya miezi michache sauti ilikauka kabisa. Daktari akaniambia ninyamaze. Kwa wiki tatu nilifundisha Darasa la Nne kwa chaki na makofi, na watoto wakazoea hata kuninong'onezea majibu, wakidhani ndiyo sheria mpya.

Aliyenisaidia ni huyu mzee wa methali. Alinialika kwake, mkewe akatandika mkeka, nikalala chali, akaniwekea kitabu kizito cha nyimbo tumboni. "Pumua mpaka kitabu kipande," alisema. "Kifua kikae kimya." Nilifanya hivyo kila jioni kwa mwezi mzima. Niliporudi kwenye maiki, niliimba kwa nusu ya nguvu niliyokuwa nikitumia, na watu wakauliza kama kanisa limenunua spika mpya.

Ndipo nilipoelewa kwamba maiki hukuza kilichopo. Ukiwa na pumzi, hukuza pumzi. Ukiwa na mkwaruzo, huwapelekea washirika wote mkwaruzo.

Wapendwa, mnajua kwa nini nasema haya leo. Katika mkutano mkuu wa mwezi ujao kuna pendekezo la kuigawa kwaya hii iwe mbili kabisa: hazina mbili, sare mbili, siku mbili za mazoezi, viongozi wawili. Kama katibu nitahesabu kura bila kuegemea upande. Lakini hapa nimepewa nafasi kama mwanakwaya, na kama mwanakwaya nasema hivi. Tukigawanyika, vijana watapoteza kile kitabu cha tumboni, na wazee watapoteza wa kumpa. Baada ya miaka kumi tutakuwa na kikundi kimoja chenye spika nzuri na makoo yaliyokufa, na kingine chenye noti safi na viti vitupu.

Ombi langu ni dogo. Alhamisi tukutane wote kwa nusu saa ya kwanza: pumzi, do-re-mi, irabu. Kisha kila upande uende kwenye nyimbo zake. Na Jumamosi moja kwa mwezi vijana wawafundishe wazee maiki: umbali wa kuishika, kuisogeza pembeni sauti inapopanda, na kutoigonga kwa kidole ukiuliza kama inafanya kazi. Kila mtu ajue nyumba anayoingia inadai nini, na akubali kusahihishwa na wenyeji wake.

Namalizia na picha moja. Jumapili ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, Bocelli aliingia katika kanisa kuu la Milano. Viti vilikuwa vitupu. Alikuwa na mpiga kinanda mmoja tu. Ndani aliimba nyimbo takatifu za zamani, kisha akatoka hadi mlangoni, mbele ya uwanja usio na mtu, akaimba "Amazing Grace", wimbo ambao hata watoto wetu wa shule ya Jumapili wanaujua. Watu zaidi ya milioni 2 walikuwa wakimtazama kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Mimi nilikuwa mmoja wao, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, jikoni, mama yangu akiwa kando yangu. Mama hajui opera ni nini. Alisema tu, "Huyu anapumua vizuri." Naye aliimba sauti ya pili hapa kwa miaka 19.

Siku ya kilele tutaimba "Haleluya" ya Handel bila maiki hata moja, wazee na vijana pamoja. Halafu tutaimba wimbo mpya wa kikundi cha sifa, pamoja vilevile, na mzee wetu wa besi amekubali kushika maiki kwa mara ya kwanza maishani. Ameniomba tu nisiiwashe kabla hajamaliza kukohoa.

Mazoezi ni Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni. Njooni na penseli.

Mungu awabariki.