Kabla ya Kuuza Waya: Mazungumzo kwa Walimu na Watumishi wa Ngara na Biharamulo



Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unapita Biharamulo na kuingia Ngara. Huko huvuka mpaka mahali pawili: Rusumo kwenda Rwanda, na Kabanga kwenda Burundi. Msimamizi wake ni TTCL, shirika la umma. Kwa hiyo kila linapozuka wazo la kuuza hisa za mtandao wa namna hii, au kumkaribisha mbia, wananchi wa wilaya hizi mbili wana haki ya kuuliza maswali.

Wazo lenyewe si geni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyahesabu mawasiliano kuwa miongoni mwa njia kuu za uchumi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, simu zikawa chini ya Shirika la Posta na Simu. Nalo likagawanywa mwaka 1994, TTCL ikazaliwa. Mwaka 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya hisa zake kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120. Kwa kutazama tarakimu hiyo peke yake, biashara ilipendeza. Lakini ni nusu tu iliyotolewa mwanzoni. Nusu ya pili ilitegemea ukaguzi wa hesabu, na ubishi wake ukachukua miaka. Zaidi ya hayo, wenye asilimia 35 ndio waliokabidhiwa uendeshaji.

Mwaka 2005 kampuni ya simu za mkononi, Celtel Tanzania, ilitenganishwa na TTCL. Serikali ikabaki na asilimia 40 katika Celtel, na TTCL ikabaki na nyaya. Mwenye macho aliona pa kuchumia pamehamia wapi.

Liko jambo jingine ambalo halikusemwa sana. MSI ilikuwa imekwisha kujiita Celtel. Mwaka 2005 Celtel ilinunuliwa na kampuni ya Kuwait, iliyokuja kuitwa Zain. Mwaka 2010 biashara ya Zain barani Afrika ikanunuliwa na Bharti Airtel ya India. Zile asilimia 35 zikafuata mkumbo, kutoka mkono hadi mkono, kwa mapatano ya makampuni makubwa yaliyokuwa yakinunua nchi nyingi kwa mpigo. Mwaka 2016 Serikali ilizirudisha kwa shilingi bilioni 14.9.

Basi anayepima pendekezo la kubadili umiliki hana budi kumtazama mnunuzi, na pia yule atakayemnunua mnunuzi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaipa TCRA mamlaka juu ya leseni. Mamlaka hayo yatumike hata pale hisa zinapohama ng'ambo, jina la mlangoni likiwa lile lile.

Kwa Ngara, shauri lina uzito wa pekee. Waya unaoelekea Kigali na Bujumbura humpatia mwenyewe fedha ya kupitisha mawasiliano ya majirani, hata kama hakuna shule moja ya Rulenge iliyounganishwa. Mfanyabiashara atautunza mpaka Rusumo kwa bidii zote. Kipande cha mwisho, kutoka barabara kuu hadi zahanati au ofisi ya kata, ndicho ghali, na wateja wake ni wachache. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umewekwa kusaidia sehemu kama hizo, lakini haumpunguzii mnunuzi wajibu wake.

Wapo wanaodhani kwamba umma ukishamiliki, kazi imekwisha. Hapana. Mwalimu mkuu anayemngoja fundi wiki mbili hafarijiwi na kujua kwamba mwenye hisa ni Serikali. Masharti anayotwishwa mnunuzi binafsi yafaa kutwishwa shirika la umma pia: muda wa kutengeneza hitilafu, fidia ukipita, na hesabu za kila wilaya kutangazwa hadharani.

Pendekezo likifika, madiwani na maafisa waliotazame kwa upana wa nchi tu watalipitisha haraka mno. Kata za Rulenge na Murusagamba, za Nyakahura na Lusahunga, ziandikwe kwa majina ndani ya mkataba, kila moja na tarehe ya kuunganishwa, kabla ya sahihi ya kwanza kutiwa.